Mtoto Peke Yake Kisiwani: Moto Aliutoa Wapi?

Ninahariri hadithi za watoto hapa Kisumu. Nikipata muswada wa mtoto aliyeachwa peke yake, penseli yangu huanza na hesabu: ana kisu? Ana sufuria? Njiti za kiberiti zimebaki ngapi? Msomaji wa miaka 8 hadi 12 huzihesabu pia, na hasahau.

Mwaka jana niliwasomea watoto wa Dunga, kando ya Ziwa Victoria, muswada mmoja. Mtumbwi umepinduka, mvulana ameogelea hadi kisiwani, kiberiti kimelowa chapachapa. Kurasa mbili mbele anakula samaki, ngege wa kuchoma. Msichana mmoja akainua mkono: "Mwalimu, moto aliutoa wapi?" Machozi ya yule mvulana yalijaza ukurasa mzima, na hakuna aliyeyauliza.

Mwandishi alikubali kuandika upya. Sasa njiti zinaanikwa juu ya jiwe. Tatu zinamomonyoka vichwa, ya nne inashika. Jioni mvulana anafukia makaa kwenye majivu, kama nyanya yake afanyavyo, kisha usingizi unamkataa kwa sababu hakuna wa kupokezana naye zamu. Anaanza kuyasemesha makaa. Upweke wote uko hapo, na neno lenyewe halimo.

Na watu wazima wanaondokaje hadithini? Wengi huwaua wazazi ukurasa wa kwanza. Huniuma, maana ziwa letu lina sababu zake. Upepo ukigeuka, gugumaji huziba ghuba. Panga la injini hunaswa, boti haipiti. Baba yu hai, yuko ng'ambo, hawezi kufika. Mtoto naye amezungukwa na maji yasiyo na chumvi, lakini akiyanywa bila kuyachemsha anajitafutia kipindupindu. Tumerudi kwenye moto.

Riwaya ya Scott O'Dell ya 1960, Island of the Blue Dolphins, inatokana na mwanamke halisi aliyebaki peke yake kisiwa cha San Nicolas, California, tangu 1835 hadi 1853. Karana, mhusika wake, anajenga ua kwa mbavu za nyangumi, kwani ndizo zilizopo ufuoni pale. Sisi tuna mafunjo.

Muswada ulio mezani pangu wiki hii una msichana aliyekwisha kusuka mkeka wa mafunjo, akautandika karibu na maji. Nimeandika pembeni: usiku viboko hupanda nchi kavu kula nyasi. Amelala njiani mwao?