Wokovu wa Jumatatu: Dhana Potofu Kuhusu Kubadilishwa Ndani

Dhana: Ukiokoka, tabia za zamani zinakwisha siku hiyohiyo

Msamaha unapokelewa siku hiyohiyo, hilo halina mjadala. Tabia ni habari nyingine. Paulo anaposema "mgeuzwe kwa kufanywa upya nia zenu" (Warumi 12:2), anawaandikia watu waliokwisha kuamini. Naye Petro, miaka kadhaa baada ya Pentekoste, alikemewa mbele ya wote kule Antiokia kwa kujitenga mezani na watu wa Mataifa.

Wa karibu zaidi nasi ni Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, aliyeokoka mwanzoni mwa miaka ya 1940 na kuhubiri nchi nyingi. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere na mkewe wakatoroka usiku, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka huohuo, akiwa ibadani London, maneno ya Yesu msalabani, "Baba, uwasamehe," yalimchoma. Aligundua kwamba uchungu dhidi ya Amin ulikuwa umemjaa moyoni. Askofu mzima, mhubiri wa miaka mingi, na bado alikuwa na la kutubu! Akatubu, akamsamehe Amin, na hakuona haya kulisema hadharani.

Kwa hiyo wewe uliyekata shauri kwenye mkutano wa injili, na wiki mbili baadaye ukamfokea mkeo kwa hasira zilezile, usihitimishe kwamba wokovu wako ni feki. Wala usijifunze kuficha. Mwombe mama watoto radhi, tena watoto wakisikia ikiwa walisikia ukifoka.

Dhana: Ukomavu wa kiroho unaonekana kwenye kesha, mfungo na maombi ya mlimani

Hayo yote ni mema, nami nayapenda. Lakini muuza nyama anaweza kukesha Ijumaa, na Jumamosi akauza kwa mizani aliyoichezea, kilo yake ikiwa pungufu kidogo tu kiasi kwamba mteja hashtuki. Mithali 11:1 inaiita mizani hiyo chukizo kwa Bwana.

Wazee wa Uamsho wa Afrika Mashariki, lile vuguvugu la toba makanisani lililoenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, walilielewa hili vizuri. Mtu akiokoka, alirudisha alichoiba na kumwendea aliyemkosea. Waliimba na kuhubiri sana, lakini jirani aliyerudishiwa mali yake hakuhitaji kuhubiriwa kwanza ndipo ajue kuna kitu kimetokea. Zakayo alifanya vivyo hivyo: alipotubu, alianza kutaja mali na malipo.

Dhana: Nikijitahidi vya kutosha nitabadilika; au, neema ipo, sina la kufanya

Wafilipi 2:12-13 inajibu zote mbili kwa pumzi moja: "utimizeni wokovu wenu wenyewe", kwa maana "ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu". Muuza nyama wetu anaomba nguvu ya kuacha wizi, kisha anaipeleka mizani kwa fundi.

Dhana: Haya ni kati yangu na Mungu tu

Hapa ndipo tunapokwama zaidi siku hizi, hasa mijini, ambako mtu anaweza kusali kanisa moja miaka mitano na hakuna anayejua anakopa ili acheze kamari. Ndugu wa Uamsho waliita kuishi kwa uwazi "kutembea nuruni", kutoka 1 Yohana 1:7, na mstari huo unaunganisha nuru moja kwa moja na kushirikiana sisi kwa sisi. Wapo wanaoogopa umbea, na hofu hiyo ina msingi. Siri za watu zimewahi kugeuzwa ushuhuda wa madhabahuni bila ruhusa yao. Hakuna anayekulazimisha kuungama mbele ya kanisa zima. Tafuta mtu mmoja au wawili waliokomaa, wanaojua kunyamaza, wenye ujasiri wa kukuuliza wiki ijayo: "Ile kamari vipi, ndugu yangu?"