Baada ya Magwanda: Yanayosemwa Mtwara na Lindi Kuhusu Matabibu na Wauguzi Wanaotoka Jeshini

Masasi, Newala, Nachingwea, Kilwa: kote huko utamkuta askari wa kitengo cha tiba aliyerudi nyumbani. Mmoja amestaafu, mwingine mkataba wake umeisha, mwingine aliomba mwenyewe kuondoka. Hospitali zetu za kusini zinalia hazina watu, naye yupo kibarazani na ujuzi wake, miezi inapita. Ukiuliza kulikoni, unapewa sababu ambazo nusu yake si za kweli. Waajiri nao wana za kwao.

"Nilisoma Lugalo, sihitaji kuulizwa leseni."

Chuo cha jeshi cha sayansi za tiba pale Lugalo kinatambuliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, kama chuo kingine chochote cha afya, na cheti chake ni halali. Lakini cheti kinasema ulisoma. Leseni ndiyo inayosema unaruhusiwa kumgusa mgonjwa leo. Muuguzi na mkunga wanaipata Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa sheria ya mwaka 2010. Daktari na tabibu wako chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa sheria ya mwaka 2017. Wa maabara wana baraza lao, wa radiolojia lao, wa dawa lao. Hakuna baraza hata moja lenye dirisha la pembeni kwa waliovaa kombati.

Kinachowakwamisha wengi ni hiki: mtu alisajiliwa alipomaliza chuo, akapangiwa kikosi, kisha miaka ikapita pasipo mtu wa kumuuliza leseni. Hakuihuisha, wala hakukusanya pointi za mafunzo endelevu. Siku anaenda kuomba kazi hospitali ya Ndanda, anaambiwa alete leseni hai. Hapo anaanza kuhangaika na malimbikizo ya ada na pointi za kufidia, na nafasi imeshachukuliwa na kijana aliyemaliza chuo juzi. Kwa hiyo, afande, kama bado uko kazini na unasoma hapa, ingia leo kwenye akaunti yako ya baraza uone unadaiwa nini. Usisubiri barua ya kustaafu.

Kuna kundi jingine, na hawa inabidi waambiwe ukweli bila kuzungushwa. Ni wale waliopewa kozi fupi kikosini: kuzuia damu isitoke, kufunga mfupa uliovunjika, kumbeba majeruhi, kutundika dripu. Ni kozi nzuri na imeokoa watu, lakini si kada. Hakuna baraza litakalokusajili kama muuguzi kwa kozi hiyo, hata ungekuwa umeifanyia kazi miaka kumi na tano. Njia iliyopo ni darasa. Ukiwa na ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia kidato cha nne, vyuo vya Mtwara na Ndanda viko jirani, na stashahada ni miaka mitatu. Najua kukaa dawati moja na watoto wa kidato cha nne si jambo dogo kwa mtu aliyezoea kupigiwa saluti.

"Mstaafu wa jeshi ana nafasi yake serikalini."

Imani hii inapoteza muda wa watu kuliko zote. Soma tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira mpaka mwisho, kwenye yale masharti ya jumla ambayo wengi wanayaruka. Mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45, isipokuwa aliyeko tayari kazini serikalini. Na aliyestaafishwa katika utumishi wa umma haombi mpaka awe na kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi. Kwa hiyo Sajini Taji wa miaka 50 anayejaza Ajira Portal, mfumo wao wa maombi mtandaoni, kila tangazo linapotoka anajichosha bure.

Aliyeondoka mkataba ulipoisha akiwa na miaka 36 hali yake ni nyingine. Mlango wa serikali kwake bado upo, kupitia Ajira Portal. Aingie tu kama mwombaji mwingine yeyote. Vyeti halisi, si "statement of results". Jina la cheti cha kidato cha nne lifanane na la kitambulisho cha taifa cha NIDA, maana huku kwetu mtu aliandikishwa shule kwa jina la babu, akaingia jeshini kwa jina la baba. Likipishana, tengeneza deed poll, hati ya kisheria ya kurekebisha jina, mapema.

Kwa aliyevuka 45, ningeanzia kwingine kabisa. Hospitali za misheni, kama Ndanda wilayani Masasi na Nyangao upande wa Lindi, zinaajiri kwa utaratibu wao. Zipo zahanati na vituo binafsi Mtwara mjini na Mikindani. Zipo pia ajira za mkataba ambazo halmashauri au hospitali hulipa kutoka mapato ya ndani. Mshahara utakuwa wa mazungumzo, na hapo wanajeshi wengi wanaumia, kwa sababu maisha yao yote mshahara ulikuja umeshapangwa. Uliza waliopo wanalipwaje kabla ya kutaja chako.

"Hao wanajua majeraha ya risasi tu."

Hii ni ya waajiri, na inaudhi. Anayesema hivyo hajawahi kukaa saa moja kwenye zahanati ya kambi. Wanaokuja pale ni mke wa koplo mwenye ujauzito, mtoto mwenye homa, mzee wa kijiji cha jirani mwenye presha, fundi aliyekatwa na msumeno. Hospitali za jeshi nchini zinatibu raia kila siku, Lugalo ikiwa ya kwanza. Malaria haibagui kambi na uraiani.

Na kusini hatuna sababu ya kulishangaa hili. Enzi za ukombozi FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na hospitali yao hapa Mtwara, iliyopewa jina la Dkt. Américo Boavida, ikipokea waliojeruhiwa ng'ambo ya Ruvuma. Samora Machel mwenyewe, ambaye wazee wa Nachingwea wanamkumbuka kama kamanda, alikuwa muuguzi wa hospitali kule Lourenço Marques, Maputo ya leo, kabla ya kushika bunduki. Tiba na jeshi vimekaa nyumba moja huku tangu zamani.

Kuna mambo ambayo mtu wa jeshi anayaleta tayari. Kuwachambua majeruhi kwa uzito wa hali zao basi linapopinduka, nani aanze na nani asubiri, ni kazi ambayo wodi nyingi hujifunza siku ya ajali. Wapo waliohudumu kwenye misheni za kulinda amani Kongo, Darfur na Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako unafanya kazi na ulichonacho. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024 na barabara ya kwenda Dar kukatika upande wa Kilwa, rufaa ya Muhimbili haikuwa jibu tena. Siku kama hizo ndipo unapomhitaji mtu aliyefundishwa kumshikilia mgonjwa hapo hapo alipo.

Lakini nisiwapake mafuta. Wengi waliokaa vikosini wamepitwa na mambo mawili. La kwanza ni mama na mtoto: patografu (chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua), chanjo na mnyororo wake wa baridi, kuvuja damu baada ya kujifungua. Kikosi kinaweza kukaa muda mrefu bila mama hata mmoja wa kujifungua, wakati kituo cha afya cha Tandahimba hakikai. La pili ni makaratasi ya pesa. Askari akiugua kambini hakuna bili. Hospitali ya misheni inaishi kwa bima na malipo ya papo kwa papo, na fomu ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, iliyojazwa vibaya inarudi bila kulipwa. Muuguzi anayetibu vizuri asijaze fomu anaitia hospitali hasara, na mhasibu atalijua jina lake haraka. Ongeza MTUHA, yaani vitabu vya takwimu za huduma, na GoT-HOMIS, mfumo wa kompyuta wa hospitali. Mambo haya yote yanafundishika kwa wiki kadhaa, mwajiri akiwa na nia.

Magonjwa ya huku nayo yana msimu wake. Salfa ikianza kupulizwa mikorosho, macho na vifua vinajaa OPD, idara ya wagonjwa wa nje. Msimu wa jando ukifika, tarajia vidonda vilivyochafuka. Aliyewahi kusaidia upasuaji jeshini hatakosa kazi kwenye kambi za mabusha zinazofanyika ukanda wa pwani.

"Cheo changu kitanifuata."

Hakifuati. Uraiani wanaangalia kada: Tabibu Msaidizi, Tabibu, Daktari, Muuguzi, Afisa Muuguzi Msaidizi, Afisa Muuguzi. Afisa Mteule mwenye stashahada ya uuguzi ni Afisa Muuguzi Msaidizi, na bosi wake wodini anaweza kuwa binti wa miaka 29 mwenye shahada. Atamwamkia "shikamoo baba", kisha atampangia zamu ya usiku. Anayeshindwa kulimeza hili ataacha kazi mwezi wa pili.

"Nitafungua duka la dawa muhimu, nichome na sindano."

Wazo hili linatajwa mara tu kiinua mgongo kinapoingia. Maduka haya yalianza kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003, yakasambaa, na kibali chake kinatolewa na Baraza la Famasi. Anayetoa dawa awe na mafunzo yake maalumu, hata kama jeshini alikuwa nani. Dawa ni zile zilizoorodheshwa. Huruhusiwi kumchoma mtu sindano dukani wala kumtundikia dripu chumba cha nyuma. Wakaguzi wa halmashauri wanafika, na jirani mwenye duka kama lako ndiye anayewapigia simu. Kama unachotaka ni kutibu, sajili zahanati. Tiba binafsi imeruhusiwa tena tangu mwaka 1991, ila utahitaji msimamizi mwenye leseni, jengo lenye viwango na mtaji mkubwa zaidi ya kiinua mgongo cha wengi.

"Wanajeshi ni wakali kwa wagonjwa."

Wapo. Wapo pia wauguzi wakali ambao hawajawahi kuona gwaride.

"Ni siri, siwezi kuandika nilichofanya."

Nimeona CV za mstari mmoja: "JWTZ, 2004 hadi 2022". Mwajiri afanye nini na hiyo? Siri ni idadi ya askari, mipango ya kikosi, vifaa, na habari za mgonjwa yeyote. Kada yako si siri, wala miaka yako, wala aina ya kazi: wodi ya wagonjwa wa ndani, maabara, chumba cha upasuaji, kliniki ya VVU. Andika kwa lugha ya hospitali. "Kiongozi wa seksheni" ya tiba iandike kama msimamizi wa zamu, utaje ulisimamia watu wangapi kama hilo halina tatizo kwa wakubwa wako wa zamani. Wadhamini wawe wawili: mmoja daktari wa jeshi aliyekuwa mkuu wako, mwingine raia aliyekuona ukifanya kazi. Huyo wa pili ndiye atakayepigiwa simu kwanza, kwa sababu namba yake inapatikana.