Kofia, daraja na jino la kupandikizwa: maswali tunayoulizwa karakanani

Sisi ni familia ya mafundi wa meno hapa Unguja. Daktari ndiye anayetibu mdomoni. Kazi yetu ni kuliunda jino lenyewe. Haya ndiyo tunayoulizwa na wanaokuja kuchaguliwa rangi ya jino.

Jino limebomoka nusu. Si bora niling'oe nipumzike?

Kama mzizi wake unaokoleka, usiling'oe. Jino likiondoka, mfupa uliolishika huanza kunywea na meno jirani huinamia pengo. Daktari anaweza kutibu mzizi na kulichonga lililobaki, nasi tukaliundia kofia ya kulifunika lote. Inatuuma kuundia daraja, yaani jino la bandia linaloshikwa na meno ya pembeni, pengo ambalo lingeweza kuwa jino.

Mbona kofia moja inachukua siku nyingi?

Daktari huchukua alama ya meno kwa uji mzito unaoganda mdomoni. (Aina moja, aljineti, hutokana na mwani, ila ni ule wa kahawia, si huu unaolimwa Paje na Jambiani.) Baba humimina plasta ndani ya alama hiyo, akapata nakala ya meno yako. Kisha huukagua ukingo, pale mchongo unapoishia karibu na ufizi. Akiona kipovu hata cha punje ya chumvi, huirudisha alama kwa daktari, japo mwenye jino ana boti ya kesho asubuhi kwenda Pemba. Kofia isiyokaa sawa huacha mwanya, na vijidudu huingia humo. Kwa hiyo ukiitwa upimwe tena, tafadhali nenda.

Kofia ya zirkonia, aina ya kauri ngumu, huchongwa kubwa kuliko inavyotakiwa, kama kwa humusi, kisha huchomwa tanurini kwa nyuzijoto karibu 1,500 hadi ikanywea kufikia kipimo chake. Rangi tunaichagua barazani, kwa mwanga wa mchana, kabla daktari hajaanza kuchonga, maana jino likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo.

Ukiwa unasubiri utavaa kofia ya muda, ya plastiki. Iepushe na halua, itaing'oa. Na urojo pia, kwa sababu manjano yake huitia rangi.

Pengo moja: daraja au kupandikiza?

Daraja hushikwa na meno ya jirani, nayo lazima yachongwe hata yakiwa mazima. Kipandikizi ni skrubu ya metali ya titani inayoingizwa ndani ya mfupa ili kushika jino la bandia. Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965, baada ya kugundua kuwa mfupa hushikamana na titani. Mshikamano huo kwa kawaida huchukua miezi 3 hadi 6. Mwenye kisukari au anayevuta sigara amwambie daktari mapema. Mimi, meno jirani yakiwa mazima, ningesubiri kipandikizi.

Nikitawadha, nilivue jino hilo?

Halivuliwi, limegandishwa. Sukutua kama kawaida.

Likishavishwa kofia haliozi tena?

Kauri haiozi, lakini jino lililo chini yake linaoza. Tena lililotibiwa mzizi huoza kimyakimya, kwa kuwa halina tena mshipa wa kukuuma. Uozo huanzia pale pale ukingoni. Piga mswaki mara 2 kwa siku kwa dawa yenye floraidi, ukiuelekeza kwenye ufizi, na chini ya daraja pitisha uzi wa kusafishia meno kwa sindano yake ya plastiki. Mama humkalisha kila mwenye daraja mbele ya kioo, na hamruhusu kuondoka mpaka ameupitisha mwenyewe mara 3.