Mafua ya sungura hayaishii kwa sindano

Simu za mafua ya sungura hunijia kwa wingi Juni na Julai, baridi ya Limuru inapokaza na wafugaji wamefunika mabanda kwa maturubai na magunia hadi upepo umekosa pa kupita. Swali ni lile lile: "Daktari, nimpe dawa gani?"

Kwanza mshike, umtazame miguu ya mbele upande wa ndani. Sungura hujipangusa pua kwa miguu hiyo. Manyoya yakiwa yameshikana kwa kamasi iliyokauka, ugonjwa una siku zake, hata kama pua unaiona safi. Chafya kavu baada ya kumwagiwa chakula chenye vumbi hainitishi sana. Kamasi nyeupe nzito ndiyo hunifanya nimshuku Pasteurella multocida, bakteria ambaye mara nyingi huja na mwenzake, Bordetella bronchiseptica.

Pasteurella anaweza kujificha puani mwa sungura mnono asiyepiga chafya hata moja. Jike huwaambukiza watoto wangali kiotani. Dume huwagawia majike, na hapa kwetu dume mmoja mzuri huazimwa kijiji kizima! Kisha jike anazaa, au anasafirishwa ndani ya katoni, mwili unalegea, kamasi zinaanza. Wengine ugonjwa huingia sikio la ndani shingo ikapinda, wengine hutoka majipu, wengine mapafu hujaa na wanakufa.

Kinachomfungulia Pasteurella mlango ni amonia, ile gesi kali ya mkojo, kwa sababu huunguza utando wa pua. Siku hizi mkojo wa sungura ni biashara, unauzwa kama mbolea, na nimekuta ndoo zimejaa, wazi, chini ya vizimba. Uza, lakini upitishe kwa bomba hadi kwenye mtungi wenye kifuniko nje ya banda. Chuchumaa asubuhi mpaka pua yako iwe usawa wa kizimba cha chini. Ukiwashwa macho, fungua maturubai. Sungura mkubwa mkavu huvumilia baridi kuliko hewa chafu, mradi upepo usimpige moja kwa moja na watoto wawe na kiota chenye manyoya ya kutosha.

Dawa zipo. Enrofloksasini, au salfa yenye trimetoprimu, hukausha kamasi, ila mara nyingi bakteria hubaki na ugonjwa hurudi. Amoksilini ya kunywa usimpe kamwe: huua bakteria wema wa tumboni, sungura akaharisha akafa. Na aliyetibiwa asichinjwe kabla ya muda ambao daktari amekupa kuisha.

Kwa hiyo mzazi ambaye kamasi zinamrudia namwondoa kwenye uzalishaji, awe wa aina ya New Zealand wa bei gani. Wafugaji hununa nikisema hivyo. Wa kurithi nafasi yake achaguliwe kwa mama ambaye hajawahi kupiga chafya ya kamasi, na mgonjwa asipelekwe sokoni kumwangukia mwingine.

Sungura mgeni akae mbali na banda siku 30, alishwe wa mwisho, na vyombo vyake visichanganywe. Lakini aliyebeba bakteria kimyakimya atapita siku hizo bila dalili. Ndiyo maana wiki mbili za mwisho humwekea jirani, kizimba kwa kizimba, sungura mchanga wa kuchinja aliyetoka kwenye banda safi. Huyo mchanga akianza kamasi, mgeni haingii.