Mchujo wa wakimbizi wanaokwenda Marekani: maneno ya watu na ukweli wenyewe

Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Wakongomani wengi walioko kambi za Nyarugusu (Tanzania), Kakuma (Kenya) na Nakivale (Uganda) kesi zao zikakwama, wengine wakiwa wameshapangiwa ndege. Marekani kwenyewe suala hili limekuwa la vyama viwili, Republican na Democrat, na kila upande una uongo wake.

"Wanaingia bila kuchunguzwa." Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana linasemwa juu ya watu waliochunguzwa kupita msafiri yeyote. Mkimbizi hajichagulii nchi. Kwa kawaida UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ndiyo inayompendekeza, na kwa mwaka wanaohamishiwa nchi ya tatu hawafiki asilimia 1 ya wakimbizi wote duniani. Alama za vidole na majina hulinganishwa na kumbukumbu za FBI (shirika la upelelezi la Marekani), ujasusi na jeshi. Kisha ofisa wa uhamiaji wa Marekani humhoji ana kwa ana. Mama aliyekimbia Fizi usiku mwaka 1996 huulizwa alipita njia gani, alikuwa na nani, nani alibaki nyuma. Jibu likipishana na alilotoa miaka kumi iliyopita, kesi inasimama. Vipimo vya afya navyo kwa kawaida hudumu miezi 6. Vikiisha muda kabla ya safari, vinarudiwa. Na mtoto akizaliwa kambini katikati ya safari hiyo, naye lazima aingizwe kwenye kesi, familia nzima ingoje.

"Basi mchujo huo hauna tundu." Watetezi wa wakimbizi hupenda kusema hivi, nao wanakosea. Mwaka 2011 Wairaki wawili walioingia kama wakimbizi walikamatwa jimbo la Kentucky. Alama za vidole za mmoja wao zilikuwa kwenye mabaki ya bomu lililotegwa Iraq, na mchujo haukuzigundua. Karibu na kwetu, mwaka 2008 vipimo vya DNA vilivyoanzia Nairobi, kwa waliokuwa wakiomba kuwafuata jamaa zao Marekani, vilionyesha udanganyifu mwingi wa undugu hadi mlango huo ukafungwa. Udanganyifu ulikuwepo. Lakini DNA haimtambui mtoto wa marehemu kaka uliyemlea tangu ananyonya, na familia za namna hiyo tunazo kila kijiji. Mlango ulifunguliwa tena mwaka 2012, DNA ikiwa sharti.

"Ukali ulianza na Trump." Baada ya kesi ya Kentucky, serikali ya Obama ndiyo iliyowahakiki Wairaki upya, na safari zao zikapungua sana. Alichokibadilisha Trump zaidi ni idadi. Kikomo cha wakimbizi wa kupokelewa katika mwaka wa fedha 2017, kilichowekwa na Obama, kilikuwa 110,000. Kufikia 2020 kilikuwa 18,000. Biden akakipandisha hadi 125,000. Kwa 2026 Trump aliweka 7,500 mwaka 2025, nafasi nyingi zikiwa za Makaburu wa Afrika Kusini. Ukipunguza nafasi hujakaza mchujo. Umepunguza nafasi tu, na ni haki watu waujadili uamuzi huo kwa jina lake.

"Vyama hivi havijawahi kuelewana kuhusu wakimbizi." Sheria ya Wakimbizi ya 1980 ilipita Seneti kwa kura 85 kwa 0.

"Kongo imepigwa marufuku." Orodha ya Juni 2025 ya nchi ambazo raia wake walizuiwa kuingia Marekani ilitaja Jamhuri ya Kongo, ile ya Brazzaville. Kongo ya Kinshasa haikuwemo. Kesi za Wakongomani walioko kambini zilikwama kwa sababu ya amri ya Januari 2025 iliyosimamisha mpango, na mkanganyiko huu umewatia watu hofu bure.

"Wanasafirishwa bure." Nauli ni mkopo usio na riba, na mkimbizi huanza kuulipa miezi michache baada ya kufika.

"Ukitoa chochote, kesi inasonga." Huduma za UNHCR hazilipiwi, tangu kuandikishwa hadi kupendekezwa. Anayekuomba pesa ni tapeli. Usimpe hata nakala ya karatasi zako.