Ngozi ya printa haikupimiwa mkorogo wako

Ninafunga vidonda katika kituo cha afya hapa Bukavu. Tangu video ya mashine inayochapa ngozi ianze kuzunguka kwenye simu, naulizwa maswali yale yale, na wengi wanaouliza wanajichubua: uso umekuwa mwekundu huku viungo vya vidole vimebaki vyeusi.

Ni kweli ngozi inachapwa?

Kweli. Seli hai za ngozi ya binadamu, mara nyingi kutoka vipande vilivyobaki baada ya upasuaji, huchanganywa na ute wenye kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Printa huzipanga tabaka juu ya tabaka, kisha zinakuzwa kwa wiki kadhaa.

Ya kazi gani?

Kupimia dawa na vipodozi. Tangu 2013 Umoja wa Ulaya hauruhusu kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama. Wanaweza hata kuiwekea melanositi, seli zinazotengeneza rangi, waone krimu inazifanya nini.

Basi mafuta yangu yamepimwa, ni salama?

Hapana. Hakuna maabara iliyopima ulichokoroga kwenye beseni: tyubu za klobetasoli (steroidi kali ya kutibu ngozi), losheni ya haidrokwinoni (dawa ya kufifisha rangi ya ngozi), na kile kichupa kisicho na jina ulichonunua Kadutu.

Lakini kopo limeandikwa "imepimwa maabara".

Hapana, mama. Maandishi hayo yeyote anaweza kuyabandika. Na hata yangekuwa ya kweli, kipande kile kwa kawaida hakina mishipa ya damu, wala hakina figo. Wewe unavyo. Klobetasoli hupenya ngozi ikaingia kwenye damu. Zebaki, inayowekwa kwa siri katika baadhi ya krimu hizi, huharibu figo.

Ngozi ikiharibika, si nitachapiwa nyingine?

Hapana, na tena hapana! Kipande cha kupimia kinabaki kwenye kisahani chake. Hakishonwi usoni kwa mtu.

Nimepaka miaka mitano. Niache leo?

Haidrokwinoni na vichupa visivyo na jina, acha leo. Ila kama umepaka steroidi kali kama klobetasoli mwili mzima, usikate ghafla ukiwa peke yako: tezi zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe huenda zimelala, unaweza kuanguka. Njoo tukupunguzie taratibu. Njoo wiki hii, usingoje vidonda.

Kwa nini mnatuuliza tunachopaka kabla ya upasuaji?

Kwa sababu mnaficha! Ngozi iliyolainishwa na krimu hizi haishiki uzi. Nimemhudumia mama aliyezaa kwa kupasuliwa. Aliulizwa anapaka nini, akajibu: "Sipaki kitu." Siku chache baadaye kidonda kikafunguka, na hapo ndipo dada yake akaninong'oneza ukweli. Kidonda kilichukua wiki nyingi, mtoto akinyonya pembeni yake. Sema unachopaka. Hatukugombezi, hatumwambii mume wako. Sema kabla ya kisu, sema ukiwa na mimba, na kopo lenyewe ulilete mkononi.