Mombasa ina bandari mbili, na ya pili ndiyo iliyoizaa Nairobi

Shule zikifungwa Agosti na Desemba, tiketi za treni ya Mombasa huisha mapema, na stesheni ya Syokimau hujaa watoto, mabegi na kofia za jua. Wengi wanaoshuka pwani huelekea Nyali, Bamburi au ng'ambo ya Likoni, wakaogelea, wakala viazi karai na mahamri, wakarudi zao. Hakuna ubaya. Ila sisi tunaofanya kazi ya elimu kwa umma hapa Nairobi tumezoea kukutana na mtu aliyekwenda Mombasa miaka nenda miaka rudi, na bado hajui kwamba mji wenyewe ni kisiwa, wala kwamba kisiwa hicho kina bandari mbili, kila moja na upande wake. Asiyelijua hilo, historia ya Mombasa humjia kama orodha ya Wareno, Waarabu na Waingereza ya kukariri kwa ajili ya mtihani.

Tuanze na jiwe. Kisiwa cha Mombasa ni mwamba wa matumbawe ya kale, yaliyoota wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Maji yaliposhuka, jiwe likabaki nchi kavu. Kisha zikaja zama za barafu. Maji mengi ya dunia yaliganda, bahari ikashuka zaidi ya mita 100, na mito iliyotoka bara ikachimba mabonde marefu ikiifuata bahari huko ilikokimbilia. Barafu ilipoyeyuka, bahari ilirudi juu na kuyafunika mabonde yale. Hayo ndiyo mahori tunayoyaona: hori la Tudor kaskazini, Kilindini na Port Reitz kusini na magharibi. Na kwa kuwa matumbawe hayaoti penye maji ya mto na tope, mwamba unaoikinga pwani uliacha mwanya mbele ya kisiwa. Meli huingilia hapo hadi leo. Kwa hiyo kina cha Kilindini si kazi ya mhandisi yeyote. Wahandisi walikikuta, wakaongeza.

Bandari ya kwanza ni ile ya mashariki, kwenye mlango wa hori la Tudor, chini ya Mji wa Kale. Hiyo iliendeshwa na pepo. Kaskazi, kuanzia karibu Desemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi, ikianza Aprili au Mei, iliyarudisha. Yalishusha tende, nguo, vyombo vya udongo na mazulia, yakapakia pembe za ndovu, nta, nafaka na boriti za mikoko. Majahazi hayakuhitaji gati wala kina kikubwa. Tofauti ya maji kujaa na kupwa Mombasa hukaribia mita 4 wakati wa bamvua, kwa hiyo chombo kilichopwelewa kiliegemea ufuoni, kikatengenezwa na kupakwa mafuta, na maji yakijaa kikaelea tena chenyewe.

Mji huu ulijulikana mbali mapema sana. Al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu, aliutaja katika karne ya 12. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alilala hapo usiku mmoja mwaka 1331, akaandika habari za migomba na ndimu, misikiti ya mbao, na visima vilivyowekwa milangoni mwa misikiti ili watu waoshe miguu kabla ya kuingia. Aliandika pia jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: kisiwa hakikulima nafaka, ililetwa kwa vyombo kutoka sehemu nyingine za pwani. Yaani karibu miaka 700 iliyopita Mombasa ilikuwa tayari mji wa biashara unaonunua chakula chake, kama Nairobi inavyosubiri malori ya Wakulima Market alfajiri.

Ukipata nafasi ya kuingia nyumba ya zamani ya Mji wa Kale, simama katikati ya chumba uinue macho. Dari imebebwa na boriti zilizopangwa zikikaribiana, juu yake vipande vya mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo. Chumba ni kirefu, lakini upana wake ni kama mita 3 tu au chini yake, na si kwamba mwashi alikosa kiwanja. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari nzito ikivuka upana zaidi ya huo. Mikoko ya mahorini ndiyo iliyoamua ukubwa wa sebule za matajiri, na hata makabaila wa zamani walioagiza sahani za Kichina na kuzipanga ukutani waliishi ndani ya kipimo hicho.

Wareno walipofika, walikuwa wakiitafuta bandari hii. Vasco da Gama alipita Aprili 1498 na hakupokelewa vizuri, akaenda Malindi. Kamanda wa Kireno Almeida aliuteketeza mji mwaka 1505. Mwaka 1593 ujenzi wa Ngome ya Yesu ukaanza kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyekuwa akimtumikia mfalme wa Ureno, na mahali alipoiweka panaeleza kila kitu: juu ya mwamba unaokaba mlango wa bandari ya mashariki. Aliyeshika ngome alishika forodha. Ndiyo maana Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na ndiyo maana manowari ya Kireno Santo António de Tanná, iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa, ilizama mwaka 1697 mbele ya ngome. Wazamiaji wa akiolojia waliichimbua miaka ya 1970, na vitu vyake vimo katika jumba la makumbusho la ngome.

Baada ya Wareno walitawala maliwali wa Kimazrui, hadi Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alipoutwaa mji mwaka 1837. Wenyeji wenyewe, Thenashara Taifa, yaani makundi kumi na mawili ya Waswahili wa mji, walikuwa na siasa zao za ndani ambazo vitabu vya shule huzigusa kidogo mno: Taifa Tisa upande mmoja, na Taifa Tatu, yaani Wakilindini, Wachangamwe na Watangana, upande wa pili. Wakilindini walikuwa na mji wao magharibi ya kisiwa, kando ya maji yale yenye kina. Nguzo ya Mbaraki ingali imesimama huko, kati ya maghala na mafuta, na watalii wachache sana huifikia.

Sasa tuvuke kisiwa. Meli ya mvuke haingoji kaskazi wala kusi, na haipendi kuegemea tope. Inataka kina na nafasi ya kugeuka. Serikali ya Uingereza ilipoanza kukodi kwa Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani wa maili 10 mwaka 1895, ilikuwa ikitazama Kilindini, na reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka upande huo mwaka 1896. Mji wa zamani, wenye ngome, misikiti na forodha, ukajikuta umegeuziwa mgongo.

Reli ilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899. Hapakuwa na mji. Palikuwa na maji ya mto, malisho ya Wamaasai na uwanda wa kutosha kupanga mabehewa kabla treni haijaanza kupanda milima ya Kikuyu na kuteremka Bonde la Ufa. Karakana zikajengwa, maduka yakafuata karakana, na mwaka 1905 makao makuu ya serikali yakahamishwa kutoka Mombasa. Kwangu huo ndio mwaka wa kuukumbuka kuliko tarehe zote za Wareno. Mombasa ilibaki na kazi, Nairobi ikachukua ofisi, na mpangilio huo haujabadilika sana.

Magati ya maji ya kina yalianza kutumika Kilindini miaka ya 1920. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wajapani waliposhambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwaka 1942, manowari za Uingereza zilikimbilia hapo, na wataalamu wa kufumbua siri za mawasiliano ya Wajapani wakapewa shule ya Allidina Visram wafanyie kazi. Vita vilipokwisha, bei za vyakula zilikuwa juu na mishahara ya makuli iko palepale. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari, reli na mahoteli waligoma kwa pamoja, mji ukasimama, na Chege Kibachia akaibuka kuongoza chama chao. Wakoloni walimkamata mwaka huohuo. Mgomo ule uliitisha serikali kwa sababu ulifungia nchi nzima mlango.

Na mlango huo bado ni uleule. Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilishughulikia zaidi ya tani milioni 40 za shehena, na makasha, kwa hesabu ya yale ya futi 20, yakavuka milioni 2. Marobota ya mitumba yanayofunguliwa Gikomba, magari ya Japani yaliyopangwa Ngong Road, ngano ya mkate, mafuta ya taa na petroli: vyote vilipita hapo. Mafuta hupakuliwa kwenye gati la Kipevu, yakasukumwa kwa bomba hadi Nairobi, bomba lililoanza kazi mwaka 1978. Hapo zamani yalisafishwa Changamwe kwanza, lakini kiwanda kilisimama mwaka 2013, na sasa huja yakiwa yameshasafishwa. Uganda ndiyo mteja mkubwa wa mizigo ya kupita. Sudan Kusini, Rwanda na mashariki ya Kongo nazo zimo. Meli ikichelewa Kilindini, bei husikika Kampala.

Ugomvi mkubwa wa miaka ya karibuni ulihusu swali moja: kasha lifunguliwe wapi? Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa Mei 2017. Ilijengwa kwa mkopo wa China, na ili mkopo ulipike, treni ilihitaji mzigo. Serikali ikaelekeza makasha ya bara yapande treni hadi bandari kavu ya Embakasi, Nairobi, yakalipiwe ushuru na kukaguliwa huko. Kwa mwagizaji wa Industrial Area lilikuwa jambo la kueleweka. Kwa Mombasa, kila kasha lililopita bila kufunguliwa lilimpita dereva wa lori, utingo wake, karani wa forodha, bohari, fundi wa magurudumu na mama anayeuza chakula Changamwe. Vijiji vya barabarani kama Mariakani na Mtito Andei navyo viliumia. Watu waliandamana mwaka 2019, na Septemba 2022 agizo likaondolewa. Mimi huona kosa la agizo lile lilikuwa kuhesabu gharama ya tani kwa kilomita na kusahau kwamba bandari ni ajira zinazouzunguka mzigo ukiwa umetua.

Biashara moja ilisafiri kinyume. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, na mwaka 1969 ukahamia Mombasa. Chai hailimwi pwani hata kichaka kimoja, lakini mnunuzi wa Pakistan au Misri anataka kuilipia ikiwa imekaribia meli. Kwa hiyo magunia ya Kericho, Murang'a, Uganda, Rwanda na Burundi hulala kwenye mabohari ya Shimanzi na Changamwe yakisubiri zamu. Kabla ya mnada, sampuli hupangwa kwenye meza ndefu, kila moja na kikombe chake cheupe. Mwonjaji hupita na kijiko, akaivuta chai kwa kishindo ili ipae hadi puani, akaitema kwenye chombo, akatamka alama, na karani akaandika. Hakuna sukari wala maziwa. Bei hutajwa kwa dola, na bonasi ya mkulima wa Othaya huanzia kwenye kijiko hicho.

Pamoja na biashara yote hiyo, wakazi wengi wa Mombasa, kaunti iliyohesabiwa watu 1,208,333 mwaka 2019, hawamiliki ardhi wanayoishi juu yake. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai pwani wajitokeze na kuandikishwa. Aliyekuwa na hati na wakili aliandikishwa. Jamii zilizomiliki kwa pamoja, hasa Wamijikenda, ziliachwa nje, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Hapo ndipo ulipostawi utaratibu ambao mtu wa Nairobi huuona wa ajabu: nyumba bila ardhi. Unajenga kuta na paa, ni mali yako, unaweza kupangisha au kuuza, lakini kila mwezi unamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Benki haikukopeshi kwa nyumba kama hiyo. Ukiuliza kwa nini mitaa mingi ya Kisauni haikupanda ghorofa upesi kama mitaa ya Pipeline au Roysambu huku Nairobi, jibu mojawapo ni hilo.

Limebaki suala la maji ya kunywa. Kisiwa cha matumbawe hakihifadhi maji mengi matamu, na visima vyake vingi vina chumvi. Tangu miaka ya 1950 bomba limekuwa likileta maji ya chemchemi za Mzima, zinazolishwa na mvua ya milima ya Chyulu, kwa umbali wa zaidi ya kilomita 200. Chanzo kingine kikubwa ni visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki huko Kilifi. Na mto Sabaki ni ule ule Athi uliobadili jina njiani, ambao mto Nairobi humwagika ndani yake. Sisi wa Nairobi hunywa hasa maji ya bwawa la Ndakaini, yanayotoka upande wa mto Tana, kisha tukayaachilia yakiwa yametumika, kupitia mabwawa ya majitaka ya Ruai, upande wa Athi. Mchanga wa Baricho huyachuja sana, lakini ni maji ya bonde hilo hilo. Bwawa la Mwache linajengwa Kwale ili kupunguza upungufu wa Mombasa. Kwa sasa mitaa mingi ya kisiwani hupata mgao wa siku chache kwa wiki, na mifereji ikikauka watu huwaita wasukuma mikokoteni wa madumu.